Soksi Isiyo na Kidole

Kwa mtu aliyesoma mpaka darasa la nne, soksi ni kitu chenye kidole. Isipokuwa na kidole imetoboka, na ikitoboka inashonwa. Nasambu aliyajua hayo kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu. Pale misheni alikosomea alishindwa hesabu, akashindwa jiografia, lakini kwenye kushona alikuwa wa kwanza miaka miwili mfululizo, na tangu hapo hakumpa mtu nafasi ya kusahau.

Mwaka wa hamsini na moja alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanja cha ndege nje ya Sisibo, maana hivyo ndivyo watu wetu walivyouita mji wa Eldoret. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo: ndege mbili, ofisi moja ya mabati, tangi la mafuta, na uwanja wa nyasi ulioteremka kuelekea mashariki mpaka kwenye seng'enge na mstari wa mikaratusi. Nasambu alipika chai, akafua mapazia na mashati, akapangusa vumbi. Mwanawe wa kwanza, Elphas, alikuwa karani wa mizigo hapo hapo. Kazi hiyo Elphas aliipata kwa elimu yake, lakini ukimsikiliza mama yake ungedhani aliipata kwa chai.

Meneja wa kampuni alikuwa mzungu mwembamba ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Sasahivi. Kiswahili chake kilikuwa na maneno kama ishirini, na aliyoyapenda zaidi ni hayo mawili. Chai sasa hivi. Ndege sasa hivi. Hata pole ya msiba aliitoa sasa hivi na kuondoka. Rubani naye alikuwa Kapteni Tindall, aliyezaliwa shambani upande wa Chepkoilel na kunyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Huyu walimwita Kapteni Ngoja. Kila asubuhi aliizunguka ndege kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, anagonga hapa, anashika pale, kisha anainua macho kwenye mawingu na kusema, "Ngoja kidogo."

Sasa lisemwe mapema, kabla mtu hajaanza kumpa Nasambu sifa zisizo zake: yeye alikuwa upande wa Bwana Sasahivi. Alimwona Ngoja ni mwoga. Mwanaume gani anaogopa wingu, na wingu halina meno? Siku moja jikoni alimwigiza mbele ya Kipngetich, mtu wa mafuta. Alilizunguka birika la chai, mikono kiunoni, akaliinamia, akaligonga na kijiko, akaliambia "ngoja kidogo." Birika halikungoja. Chai ilifurika, ikazima jiko, na Bwana Sasahivi akaletewa kikombe kilichojaa nusu. Kipngetich alicheka mpaka akakaa chini. Nasambu pia alicheka, na ndiyo maana inafaa hilo liandikwe hapa.

Basi ikaja habari ya kondoo.

Tajiri mmoja mwenye shamba kubwa, ambaye pia alikuwa na sehemu kubwa ya kampuni ile, alikuwa na kondoo dume wa kizungu mwenye jina refu kuliko la askofu. Kondoo huyo alitakiwa Nairobi siku ya Jumatano kwa maonyesho ya wakulima. Kwa gari angefika amechoka na sufu yake imejaa vumbi, kwa hiyo angeenda kwa ndege, yeye na sanduku lake la mbao na marobota ya majani yake, ungedhani anahamia. Na kwa sababu kondoo hawezi kukaa peke yake angani, palihitajika mtu wa kumshika. Bwana Sasahivi akamchagua Elphas.

Elphas alimweleza mama yake habari hiyo kama alivyoelezwa: kushika kondoo. Lakini habari ilipotoka mdomoni mwa Nasambu na kufika kwa akina mama wa kanisa, njiani kondoo alikuwa amepotea. Mtoto wake alikuwa anaenda Nairobi kwa ndege, msaidizi wa rubani. Alilisema hilo mara moja tu, kwa unyenyekevu. Kisha akalisema tena kisimani, na tena kwa muuza chumvi. Jepkosgei, jirani yake aliyeuza maziwa na aliyekuwa na ulimi wa wembe, alimpongeza vizuri sana.

"Mama Elphas," akasema, "akifika huko juu amwambie Mungu mvua ya kwetu sasa inatosha."

Siku ya Jumatatu Bwana Sasahivi aliamuru kiwanja kizima king'ae, kwa kuwa tajiri angekuja mwenyewe kumuaga kondoo wake. Alimwonyesha Nasambu mapazia, akamwonyesha viti, kisha akanyoosha kidole nje, juu ya mlingoti uliokuwa kando ya uwanja. "Na soksi," akasema. "Wewe safisha soksi."

Ile soksi ilikuwa mfuko mrefu wa turubai, mweupe kwa mwekundu, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kazi yake ni kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Nasambu alikuwa ameiona miaka miwili ikining'inia juu, lakini hakuwahi kuishika. Kipngetich aliishusha kwa kamba akamletea. Alipoigeuza karaini, moyo wake ukaingia aibu kwa niaba ya kampuni nzima. Kumbe soksi ya wakubwa haikuwa na kidole! Mwisho wake ulikuwa wazi kabisa, tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Wazungu wote hawa, na ndege zao, na hakuna mwanamke hata mmoja wa kuwashonea.

Alitafuta sindano ya magunia na uzi maradufu. Akakunja mwisho ule mara mbili, akashona kwa mshono ule uliompatia namba moja, akarudia, akafunga fundo. Hakumwuliza mtu. Kumwuliza mtu ingekuwa kumwaibisha aliyeiacha ikatoboka. Akaifua, akaianika, na jioni Kipngetich akaipandisha bila kuitazama vizuri, maana alikuwa anawahi nyumbani. Asubuhi ya Jumanne ilikuwa kavu na yenye upepo, na soksi ikavimba juu ya mlingoti kama tumbo la diwani. Nasambu alipita chini yake mara nne bila kazi.

Jioni hiyo Elphas alirudi nyumbani. Hakumaliza ugali. Mwishowe akasema kwamba hataki kwenda. Kapteni Tindall alikuwa amemwita pembeni, akamwambia ndege itakuwa nzito na kwamba mwezi huu mvua za alasiri zina mawe. Akamwambia akitaka kukataa akatae, naye atamsemea kwa meneja. Tena Kapteni mwenyewe, Elphas alisema, alikuwa ameshaandikiwa barua mbili za onyo. Mara mbili amechelewesha safari kwa ajili ya hali ya hewa, na ya tatu itakuwa mwisho wake.

Hapo ndipo mama mwenye akili angesema, "Basi baki, baba." Nasambu hakusema hivyo. Alimtazama mwanawe, na badala ya kumwona yeye akamwona Jepkosgei na mtungi wake wa maziwa.

"Na mimi uso wangu nitauficha wapi?" akasema. "Kanisa zima linajua unakwenda. Kapteni mwenyewe ni mwoga, sasa amekuambukiza. Utakwenda."

Elphas akainuka, akanawa mikono. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, lakini alilelewa vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake.

Jumatano ilianza na manyunyu. Mvua ndogo, ya kulowesha, ikanyesha mpaka saa nne, ikakatika. Jua likatoka. Tajiri akaja na mke wake na kondoo wake, na kondoo alikuwa ameoshwa akaoshwa mpaka Nasambu akaona wivu. Palipigwa picha. Palikuwa na biskuti. Ndege ilitakiwa kuruka saa sita, lakini picha na biskuti zikaisogeza saa nane, na kufika saa nane mawingu yalikuwa yamejikusanya huko nyuma, upande wa magharibi, meusi kama tako la chungu.

Ndipo Sasahivi na Ngoja wakaanza kubishana mbele ya ofisi. Walibishana kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Nasambu kilikuwa kile cha darasa la nne: aliyajua maneno ya vitu, si ya hasira. Lakini mikono ilitafsiri. Kapteni alionyesha mawingu. Akaonyesha vilele vya miti iliyokuwa nyuma ya ofisi, jinsi vilivyoinama. Sasahivi alionyesha saa yake, akamwonyesha tajiri aliyekuwa amekaa garini, kisha akaonyesha mlingoti. Na pale juu ya mlingoti soksi ilikuwa imelala. Ilining'inia wima, imenyooka chini kama mkia wa ng'ombe asiye na nzi.

Kipngetich alimweleza Nasambu maana yake. Ndege, alisema, ni kama kuku: ukitaka aruke, mwelekeze upepo usoni. Ukimrusha upepo ukiwa mkiani, hainuki, anaenda tu kwa miguu mpaka agonge kitu. Na ndege hii kwa uzito wa leo haiwezi kuondoka kwa kupanda kilima, lazima iteremke kuelekea mashariki, kwenye seng'enge na mikaratusi. Kama upepo unatoka magharibi, utaisukuma kutoka nyuma. Kapteni anahisi upepo unatoka magharibi. Meneja anasema sheria ya kampuni ni soksi, si hisia, na soksi inasema hakuna upepo. Kapteni anaomba nusu saa tu mawingu yapite. Meneja anamuuliza hiyo barua ya tatu aiandike leo ama kesho.

Kapteni Ngoja aliitazama ile soksi kwa muda mrefu. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto wawili, na aliyekuwa anatoa ushahidi dhidi yake ni chombo chake mwenyewe. Akavaa kofia. Akamwita Elphas.

Nasambu alimwona mwanawe akipanda ndani na kondoo. Alikuwa amevaa koti la Krismasi. Hakugeuka kumtazama mama yake, na mama yake, badala ya kuumia, akafikiri: angegeuka kidogo Kipngetich amwone vizuri, akamwambie Jepkosgei.

Kipngetich akaenda kuzungusha mapangaboi ya mbele. Injini moja ikaunguruma. Nasambu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. Ghafla kitambaa kikanyanyuka. Kilinyooka mbele yake, kuelekea ndegeni, kikampiga mkono kama kinataka kwenda. Akatazama moshi wa jiko lake: haukupanda, ulikimbia chini chini kuelekea mashariki. Akatazama nyasi za uwanja: zimelala zote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Kila kitu pale kiwanjani kilikuwa kinaelekea mashariki isipokuwa soksi.

Na kutoka kwenye ncha ya soksi, pale penye mshono wa namba moja, lilidondoka tone la maji. Kisha lingine.

Hapo ndipo alipoelewa. Lile tundu halikuwa tundu. Lilikuwa mlango. Mvua ya asubuhi iliingia kwa juu ikakosa pa kutokea, na sasa soksi ilikuwa imebeba maji kama ndoo, nzito hata upepo haukuweza kuinyanyua.

Ingependeza kuandika kwamba alikimbia mara moja. Hakukimbia. Alisimama kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, na hakuisema. Alifikiri atafukuzwa kazi. Alifikiri Elphas naye atafukuzwa. Alifikiri Jepkosgei atakavyolisimulia. Mwishowe, baada ya hayo yote, ndipo akafikiri: mwanangu yuko ndani. Hivyo ndivyo foleni ilivyopangwa kichwani mwake siku hiyo, na mwanawe alikuwa wa mwisho.

Injini ya pili ikaunguruma. Nasambu akatupa kitambaa, akakimbia na viatu vya kazi mpaka upande wa dirisha la rubani, akalipiga kwa kiganja. Kapteni akafungua.

"Kapteni," akasema, "hiyo soksi ni mwongo."

Bwana Sasahivi alikuwa ameshafika nyuma yake. "Wewe mama kwenda jiko," akasema. "Sasa hivi."

Miaka miwili maneno hayo yalikuwa yanamwondoa popote alipo. Miguu yake hata iligeuka yenyewe. Lakini mdomo ulibaki.

"Ni mimi niliishona. Ilikuwa haina kidole."

Kapteni akazima injini zote mbili. Kimya kilipoingia, upepo ukasikika. "Umeshona wapi, mama?"

"Huko mwisho. Na uzi maradufu, Kapteni. Haiwezi kufumuka."

Ndiyo, hata hapo alikuwa anajisifu.

Kapteni aliteremka, akaenda mpaka mlingotini, akafungua kamba. Soksi ilishuka kama mzigo. Akatoa kisu cha mfukoni, akaukata ule mshono, na ilimchukua muda, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri kweli. Maji yakamwagika juu ya viatu vyake, ndoo nzima. Kisha akaipandisha tena. Kabla haijafika juu, soksi ilijaa upepo, ikanyooka, ikatetemeka, na mwisho wake ulio wazi ukaelekeza mashariki, kwenye seng'enge, kwenye mikaratusi, kama mtu anayeonyesha kaburi la fulani.

Bwana Sasahivi akasema maneno marefu kwa Kiingereza. Nasambu aliyashika mawili tu, "Nairobi" na "now". Elphas, aliyekuwa ameshuka na kusimama kando ya bawa, ndiye aliyemtafsiria baadaye. Meneja alisema kondoo anaweza kupunguziwa majani na ndege ikaondoka. Tena akasema kwamba isipoondoka, Kapteni asijisumbue kuja kesho. Naye Kapteni akajibu kwamba kesho ni mali ya meneja, afanye nayo apendavyo. Yeye anachokataa ni leo.

Kisha, ili wote wasikie, akasema kwa Kiswahili, "Ngoja."

Safari hii Nasambu hakucheka. Walingoja. Haikupita robo saa, mvua ya mawe ikashuka kutoka magharibi na upepo wa kuvunja miti. Mkaratusi mmoja ulianguka juu ya seng'enge, mahali hasa ambapo ndege ingekuwa inapita na magurudumu yake bado yanagusa nyasi. Hata ikiwa imesimama chini, bawa lake moja lilitobolewa matundu kumi na saba, kwa kuwa mabawa ya ndege zile yalikuwa ya kitambaa kilichopakwa rangi ngumu. Ofisini, alikopelekwa kujikinga mvua, kondoo alisimama katikati ya zulia mbele ya tajiri wake, akala pazia lililofuliwa Jumatatu.

Mvua ilipopungua Bwana Sasahivi alimwambia Nasambu asirudi tena. Aliporudi ndani akakumbuka bawa. Fundi wa kushona mabawa alikuwa Nairobi, na njia ya Nairobi ilikuwa matope. Kapteni alimkumbusha kwamba kuna mtu hapa hapa ambaye mshono wake ulihimili ndoo ya maji. Basi Nasambu akafukuzwa kuanzia siku ambayo bawa litakwisha, na bawa, kwa jinsi alivyolishona polepole, lilichukua wiki mbili, na wiki mbili zikasahaulika zikawa miaka. Kapteni ndiye aliyeondoka. Barua ya tatu ilimfikia kabla mwezi haujaisha. Alipita jikoni kuaga, akanywa kikombe kizima cha chai amesimama, na Nasambu alitaka kumwambia habari ya birika na jinsi alivyomwigiza, amwombe msamaha. Akaona aibu. Akamwongezea sukari.

Akina mama wa kanisa walijua yote kabla ya Jumapili, kondoo akiwemo. Jepkosgei hakumtukana. Alimwita tu Mama Soksi, kwa heshima, na jina likakaa mpaka leo.

Lakini hilo si la kuonya nalo mtu. La kuonya ni hili. Siku ya pili baada ya mvua, Nasambu na Elphas walikuwa wamekaa chini ya bawa, yeye na sindano, Elphas akimvutia kitambaa kisikunjamane. Kapteni alikuwa amewaonyesha matundu ya kuziba kwa chaki, lakini Nasambu alifika kwenye moja dogo, la mviringo, upande wa chini, akasita.

"Hili," akauliza, "limetoboka, ama liko hapa kwa kazi yake?"

Elphas akaenda kuuliza. Liko kwa kazi yake, la kutolea maji. Nasambu akaliruka.

Kisha Elphas akasema, bila kumtazama, kwamba tajiri ana kondoo wa pili, na rubani mpya ambaye meneja ameshaanza kumwita ni kijana ambaye hajui kusema ngoja. Wakimwita tena kushika kondoo atakataa. Alitaka mama yake ajue kabla ya watu wengine.

Nasambu alisikia maneno yakipanda kooni. Yalikuwa mazuri, yamejipanga: watu watasemaje, kazi utaipata wapi, na mimi uso wangu. Kumbe bado yalikuwa humo yote, mvua ya mawe haikuua hata moja. Alielewa kwamba siku ile pale kiwanjani Sasahivi walikuwa wawili, na mmoja wao alivaa aproni.

Akaweka ncha ya uzi mdomoni, kama mtu anayetaka kuulowesha apate kutunga sindano, akaushikilia humo kwa muda mrefu kuliko uzi wowote unavyohitaji.